Mke wa Tairi na Pikipiki ya Bwawa

4 Machi

Wamemrudisha mume wangu leo kutoka hospitali. Mguu wake wa kulia umezungukwa na vyuma vinavyoingia upande huu na kutokea upande wa pili, kama nyumba ambayo mafundi wameondoka na kuacha jukwaa lao. Kitanda tulichoazimwa hakikupita kwenye mlango wa chumba chetu, kwa hiyo kimekaa sebuleni. Mama yake naye amekuja kusaidia, na amekuja na kila kitu chake, mpaka kinu. Sasa ili nifike jikoni lazima nipite kiubavu kati ya kitanda na kabati, na kila nikipita kuna mtu ananiuliza naenda wapi.

Alasiri mvua imeanza.

5 Machi

Mvua.

7 Machi

Mkuu wa bwawa amekuja kumjulia hali. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kukizoea.

Kazi ya mume wangu ilikuwa kupanda kila siku na pikipiki mpaka kipimo cha juu, ubao wenye namba uliosimamishwa mtoni huko milimani, kusoma maji yamefika wapi, kisha kumwambia mlinda-milango kwa redio. Mlinda-milango ndiye anayefungua milango ya bwawa kabla maji hayajafika. Watu wa mabondeni wanalala usingizi kwa sababu ya watu hao wawili. Tangu mume wangu aanguke, mlinda-milango anapanda mwenyewe kwa miguu, na anapokuwa huko juu milango haina mtu. Gari haliendi tena. Mvua imeshaikata barabara mahali pawili.

"Makao makuu wanatafuta mwendeshaji mwingine," Mkuu akasema. "Huyo atakuja na familia yake. Na nyumba hii, mnaelewa, ni ya kazi."

"Na sisi tukakae wapi, juu ya paa?" akauliza Mama.

Mkuu akakitazama kikombe chake. Ndipo nilipojisikia nikisema, "Nitaendesha mimi."

Mume wangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Bwawani kote anaitwa Tairi, na mimi naitwa mke wa Tairi. "Wewe hujaendesha hata baiskeli."

"Basi sina tabia mbaya za kuacha."

Mkuu alifikiri. Akasema Tairi anifundishe, na siku Tairi atakayosema niko tayari, yeye atakubali.

"Iwe msimu huu tu," akasema Tairi. "Mimi nikipona narudi kazini."

Mkuu akaondoka. Mama amenisifu kwa ujasiri jioni nzima. Haukuwa ujasiri. Sebule ilikuwa imejaa.

9 Machi

Somo la kwanza. Nilidhani nitawasha. Tairi amewekewa kiti barazani, mguu juu ya kreti, na gongo moja mkononi la kunyooshea. Pikipiki yenyewe si ile ya kubeba abiria. Ni nyembamba, ndefu, matairi yana meno, na mimi nikiikalia ni vidole tu vinavyogusa chini.

"Ilaze," akasema.

Nikailaza kwenye tope.

"Sasa iinue."

Nilivuta usukani mpaka macho yakanitoka. Haikutikisika. Akaniacha nihangaike, kisha akaeleza: zima, geuza usukani mpaka mwisho, ipe mgongo, chuchumaa makalio yakiegemea kiti chake, shika huku na huku, halafu tembea kinyumenyume. Miguu ifanye kazi, mgongo ukae kimya. Ikainuka.

"Vizuri. Ilaze."

Hivyo ndivyo asubuhi yote ilivyokwenda. Mama alichungulia akauliza kama tunaibembeleza ilale.

10 Machi

Siwezi kuinama. Mvua.

12 Machi

Mavazi. Mabuti yake yananifika magotini, na nimejaza vitambaa mbele ya vidole. Magamba ya plastiki ya magoti na viwiko, glavu, miwani, kofia ngumu. Vyote vya kwake, vyote vikubwa. Ndani ya kofia bado mna harufu ya nywele zake, na ninasikia pumzi yangu tu, kama niko ndani ya mtungi.

Mama: "Unafanana na mtu aliyefukuzwa na nyuki."

Tairi hakucheka. "Hutaiwasha bila hivyo vyote. Jua liwake, uwe na haraka, iwe ni hapo getini tu. Goti langu lilikuwa bila gamba siku ile kwa sababu kamba yake ilikatika nikasema nitaifunga kesho."

Kila somo lake linatoka kwenye mfupa wake.

13 Machi

Nimewasha. Klachi ina mahali inaposhika, na mahali hapo ni padogo kuliko punje ya mchele. Imezima, imeruka, imezima. Mwishowe imenibeba mpaka kwenye kamba ya nguo na shuka za mgonjwa zote zimelala topeni. Nimezifua upya.

14 Machi

Klachi. Mvua.

15 Machi

Klachi.

17 Machi

Imeshika! Nimezunguka ua mzima bila kuzima. Uani kwetu kuna uzio wa waya pande zote, geti moja, tangi la maji katikati. Nalizunguka tangi. Tairi anapiga kelele kutoka barazani: "Usitazame gurudumu. Gurudumu linajua liliko. Tazama mbali, unakotaka kwenda."

Ninakotaka kwenda kuko nje ya geti. Sikumwambia.

20 Machi

Nazunguka. Njia yangu imeshachimbika na sasa ni mtaro wenye maji, duara kamili, na gurudumu likiingia humo halitoki. Nikifumba macho kitandani bado nazunguka.

24 Machi

Kusimama. Mahali pabovu huendeshi umekaa; unasimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjika kidogo na kulibana tangi la mafuta, viwiko nje, kidole kimoja kwenye klachi na kimoja kwenye breki, tayari. Pikipiki icheze chini yako, wewe utulie juu yake. Nilikuwa nimekaza mikono mpaka ganzi. Tairi akasema, "Unaishika kama inataka kukukimbia. Legeza. Shika kama unavyoshika kuku mgonjwa."

Nililegeza. Kwa muda mfupi nikaona juu ya uzio: mlima, ukungu, na barabara nyekundu inayopotelea humo.

Kisha Mama akaniita, mgonjwa anataka kugeuzwa.

28 Machi

Breki. Ya mbele ina nguvu zaidi, lakini kwenye tope ikibanwa ghafla inakuangusha kabla hujajua. Bana polepole, zote mbili, na umalize kabla ya kona. Ndani ya kona usiguse kitu. Nimeanguka mara kadhaa leo. Tairi hasemi pole tena. Ananyoosha gongo kuelekea pikipiki, nami naipa mgongo.

29 Machi

Mvua. Nimemuuliza kama nitatoka wiki hii. "Bado."

31 Machi

"Bado."

2 Aprili

Mlinda-milango amepita kwetu akitoka juu. Ni mtu mnene, mcheshi, na miguu yake haikuumbwa kwa mlima. Alivua viatu barazani na kumwaga maji yaliyokuwamo.

"Shemeji," akaniambia, "mimi niliajiriwa kufungua milango. Leo maji yalipanda nikiwa bado njiani kurudi. Nilikimbia. Unajua mimi nikikimbia ninavyokuwa? Nimefungua kwa kuchelewa, na bustani zote za ukingoni zimekwenda. Watu wametoka wazima. Leo."

Akamgeukia Tairi. "Huyu anaendesha. Nimemwona kwenye uzio. Unangoja nini?"

"Hajui kushuka mlima."

"Hapa uani pana mlima?"

Tairi akasema bado, na mlinda-milango akavaa viatu vyake vilivyolowa akaondoka.

3 Aprili

Somo la kushuka mlima, bila mlima. Nimesimama juu ya pikipiki iliyozimwa, makalio nyuma, gia ndogo, injini ikushike, usivute klachi hata iweje. Nimekaa hivyo mpaka mapaja yakatetemeka. Nilihisi ananiadhibu.

4 Aprili

Nilipokuwa nikitandika kitanda chake nimeukuta ufunguo wa pikipiki chini ya mto. Zamani ulining'inia msumarini karibu na mlango. Nimeurudisha pale pale nilipoukuta.

6 Aprili

Tumegombana. Naandika jikoni, mlango umefungwa, na kinu cha Mama nimekiegemeza mlangoni.

Nilianza vizuri. Nilimwambia nimejifunza kuwasha, kuzima, kusimama, kukata kona, kuinua. Nikamwomba aniambie kitu kimoja tu ambacho bado sikijui ili nijifunze leo leo.

"Hujui ulichokuwa hujui," akasema.

"Hilo si jibu. Unaficha ufunguo kama mama wa kambo anavyoficha sukari."

Nikamwambia ana wivu. Nikamwambia hataki mtu mwingine aikalie, hasa mimi, kwa sababu nikifika kule juu kila mtu atajua ni kazi ambayo mke wa mtu anaweza kuifanya. Mama alitoka nje akajifanya anaangalia nguo, na mvua inanyesha.

Tairi alikuwa mwekundu wa macho. Akasema polepole, "Ukianguka kule, nani atanivua suruali?"

Sikuelewa.

"Mama hawezi kuniinua. Nikitaka kwenda chooni nakungoja wewe. Nikiamka nina kiu nakungoja wewe. Mmeniuliza ninachongoja, ndicho hicho, kutwa kucha. Unazunguka tangi na mimi nahesabu, kwa sababu hata hapo ukiteleza ukavunja mkono, nyumba hii imekwisha. Sasa unataka nikufungulie geti."

Nilikuwa na maneno mengi nimeyapanga. Yote yalikuwa ya kumjibu mtu mwingine. Nikaja huku jikoni.

Siku zote hizi nilidhani ni mimi niliyefungiwa.

7 Aprili

Hatujasemezana. Mama amepika, amelisha, amenung'unika kwa niaba yetu sote.

9 Aprili

Asubuhi nilikuta ufunguo umening'inia msumarini. Tairi alikuwa anatazama ukutani.

"Mlinda-milango atakutangulia kwa miguu mpaka kona ya kwanza," akasema. "Huendi peke yako mpaka niseme. Unasema unakwenda wapi na unarudi lini, na ukichelewa mtu anakuja. Angalia upepo wa matairi, punguza kidogo, kuna tope. Cheni. Breki. Mafuta."

Nikaangalia vyote. Mama akafungua geti.

Naweza kueleza nilichokiona? Barabara tu. Mifereji iliyochimbwa na malori, mawe, maji mekundu yanateremka. Nilisimama juu ya vikanyagio nikatazama mbali, na gurudumu likajitafutia njia yake. Kwenye kona mlinda-milango alikuwa amekaa juu ya jiwe anapiga makofi. Nikafunga breki kwa heshima zote, nikaweka mguu chini, chini hakukuwepo, nikaanguka juu yake.

"Shemeji," akasema kutoka chini yangu, "karibu kazini."

12 Aprili

Mpaka kona ya tatu, pale alipoanguka Tairi. Hakuna cha kuona. Alama ya tairi lake mvua imeshaifuta.

15 Aprili

Tumefika kipimo cha juu, mimi na mlinda-milango aliyening'inia nyuma akinung'unika kwa kila jiwe. Kabla ya kipimo njia inaukata mto. Hakuna daraja, unavuka ndani ya maji. Tulivuka kwanza kwa miguu na fimbo, kama Tairi alivyotuagiza: ukiona chini na maji hayafiki gotini, pita, mafuta yaleyale bila kuongeza wala kupunguza, mwanzo mpaka mwisho, usisimame. La sivyo, hupiti. Upande wa pili kuna kibanda cha mabati, benchi, blanketi, sanduku la vyakula vikavu, na redio inayokula betri ya gari.

Nimesoma ubao. Nimeisema namba kwa redio, na Tairi, anayesikia kwenye redio ya nyumbani, akasema, "Imesikika." Basi.

17 Aprili

Kuanzia leo napanda peke yangu. Mkuu amekubali.

18 Aprili

Nimepanda, nimesoma, nimeshuka. Nimefua.

20 Aprili

Vivyo hivyo. Niseme ukweli: kila nikirudi, ile kona ya mwisho ambapo paa letu linaonekana, napunguza mwendo kuliko inavyohitajika.

23 Aprili

Niko kibandani.

Nilivuka asubuhi maji yakiwa ya kisigino. Nikasoma, nikasema namba, nikafunga kofia nirudi, na mvua ikaja kama mtu amepindua pipa. Nilipofika kivukoni sikuuona upande wa pili. Maji yalikuwa kahawia na yanapita na matawi. Nyuma ya kibanda kuna genge, kwa hiyo hakuna njia nyingine.

Nimerudi nikasema kwa redio, "Sitaweza kuvuka."

"Usivuke," akajibu Tairi. "Kaa hapo. Soma ubao kila unapoweza. Milango inakutegemea."

Nimesoma mpaka giza. Kila mara maji yamepanda, na kila mara nimesema, na mlinda-milango akajibu kuwa amefungua mlango mwingine. Sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo.

24 Aprili

Mvua haijakoma. Bati linapiga kelele mpaka kichwa kinauma. Kibanda hiki ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Pikipiki nimeiingiza ndani, kwa hiyo nakaa na magoti kidevuni, nayo inadondosha tope kwenye blanketi. Nilitaka sana kutoka katika sebule ile, na hapa nilipo sasa ni padogo kuliko kitanda chake.

Mchana nilimwita Tairi ili nisikie mtu.

"Umefanyaje leo?" nikauliza.

"Nimekwenda chooni mwenyewe. Na magongo. Mama alinifuata nyuma na mto wa kulalia, eti nikianguka niangukie mto."

Nilicheka. Nikasema, "Unaona, unapona. Msimu ukiisha utakuja mwenyewe ukae na bati lako hili."

Redio ilikwaruza tu. Nikadhani betri imeisha.

"Sitakuja," akasema.

"Nini?"

"Goti halitakunjika. Daktari aliniambia siku ya kutoka hospitali. Litapona na kubaki limenyooka. Mtu wa goti hilo hasimami juu ya pikipiki."

"Aliniambia mimi kuwa miezi michache."

"Nilimwomba akuambie hivyo."

Nilikuwa nimeishika ile redio kwa mikono miwili. "Kwa hiyo uliposema mbele ya Mkuu kuwa ni msimu huu tu."

"Nilijua."

"Na ulipokuwa unasema bado, bado, bado."

"Nilijua. Siku utakayotoka getini, mimi ndiyo ninaacha. Nilitaka siku hiyo ichelewe." Akapumua. "Na suruali pia. Ile ilikuwa kweli."

Ndipo mtu akakohoa. Tulikuwa tumesahau kwamba kibanda cha milango kinasikia kila kitu. "Samahani," mlinda-milango akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nilikuwa naomba namba tu."

Nilitoka nikasoma ubao nikampa namba yake. Halafu nikaizima redio.

Nilitaka kupiga mlango, na mlango wenyewe ni wa bati, unapigwa na mvua tayari. Nilitaka kumfokea mtu machoni, na mtu yuko ng'ambo ya mto. Nilivaa kofia, nikaitoa pikipiki, nikaiwasha. Nilisema nitavuka. Nilitaka niingie sebuleni na mabuti yenye tope nimuulize ni nani aliyemwambia kuwa maisha yangu ni ya kupangwa na yeye na daktari. Msimu mmoja nilikuwa nimeukubali. Nilikuwa nimeuweka kichwani wenye mwanzo na mwisho, na baada ya mwisho nilikuwa nimepanga mambo yangu ambayo sikumwambia mtu: kwenda kwa dada yangu mjini, kujifunza ushonaji, kukaa siku nzima mahali ambapo hakuna anayeniuliza naenda wapi.

Kivukoni nilisimama injini ikinguruma. Maji yalikuwa yanapita kwa kasi ya kutulia, kasi mbaya kuliko ya povu. Mkono ulikuwa tayari kwenye mafuta. Sijui kilichonishusha. Si woga, maana hasira ilikuwa imeumaliza. Nadhani ni mazoea tu: nimefundishwa kutembea kwanza, na miguu ikatembea. Nilishika fimbo nikaingia. Hatua chache tu, maji yakafika gotini, yakafika pajani, fimbo ikatafuta chini isipapate, kisha mto ukaichukua mkononi mwangu kama mtu anayempokea mgeni mzigo. Nilirudi kwa magoti na viwiko.

Nililala kifudifudi ukingoni mpaka injini ikazima yenyewe. Yule yule niliyetaka kumfokea ndiye aliyeniokoa, na sikumshukuru. Bado simshukuru.

Jioni nimeiwasha redio. Nimesema namba. Alijibu haraka mno, kama alikuwa ameikumbatia. "Imesikika," akasema.

25 Aprili

Mvua imepungua. Maji bado ni ya mapajani. Nimekula biskuti zilizolowa. Nimesema namba.

26 Aprili

Asubuhi niliona mawe ya chini. Nimetembea na fimbo mpya kwenda na kurudi, maji chini ya goti. Nimevuka, mafuta yaleyale mwanzo mpaka mwisho.

Baada ya kona ya tatu mlima ulikuwa umelalia barabara. Tope, mizizi, mti mzima. Nilijaribu kupanda juu yake: uzito mbele, usisite. Nilisita. Pikipiki ikaanza kurudi nyuma, nikaiacha izime ndani ya gia na kuilaza upande wa mlimani, nami nikashukia upande huo huo. Nikaiinua. Nikateleza. Nikaiinua tena. Mara ya tatu nikaona wazi kwamba mikono yangu inatetemeka, na mtu anayetetemeka haendeshi. Nikaifunga kwenye mti kwa mnyororo, nikatembea.

Tairi alikuwa amesimama getini, juu ya magongo, uso umesawajika. Alikuwa amesikiliza injini tangu asubuhi, na injini haikuja.

"Pikipiki?" Mama akauliza.

"Nimeiacha. Njia imeziba."

"Umefanya vizuri," akasema Tairi.

Nilimpita. Nimeoga, nimelala mchana kutwa.

30 Aprili

Vijana wa barabara wamefukua. Pikipiki imerudi. Tunaongea mambo ya chumvi na sabuni.

6 Mei

Mvua za jioni tu. Nimepanda, nimesoma, nimeshuka.

11 Mei

Mkuu amekuja na habari, na safari hii alikaa kiti kizima. Makao makuu wamefurahi. Mabondeni hakuna aliyekufa msimu huu, na hawatatuma mwendeshaji mwingine. Nyumba inabaki. Cheo kitaendelea kuwa kwa jina la Tairi mpaka apone, mimi nitakuwa namsaidia.

"Basi kesho jina lake liende likasome maji," nikasema.

Mama akaacha kumenya alichokuwa akimenya. Mkuu akatabasamu, kisha akaona kwamba sitabasamu.

Nilimtazama Tairi. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa kimya chake, nilikuwa nimekizoea. Angenyamaza tu angebaki mwendeshaji wa bwawa mpaka uzeeni, akikaa barazani, na mimi nikizunguka kwa niaba yake.

"Sitapona kwa kazi hiyo," akamwambia Mkuu. "Goti limekwisha. Tangu Machi. Andika la mke wangu." Akasema na jina langu lote, la baba na la babu, ambalo sikujua kama Mkuu alikuwa analijua. "Lakini muulize kwanza kama anataka. Mimi sikumuuliza."

Wote wakanigeukia. Nilitaka mtu aseme kitu kingine, mvua inyeshe, kinu kianguke. Niliwaza mjini, kwa dada. Niliwaza watu wa bustani za ukingoni. Nikawaza Mama akifungasha kinu chake, na Tairi akishushwa ngazi za nyumba hii mguu ukiwa umenyooka mbele yake.

"Ni swali la kuulizwa mtu ambaye ana pa kwenda," nikasema. "Andika."

Nimetia saini. Sikufurahi. Nilichoomba ni mavazi ya saizi yangu, na redio ya nyumbani iwe kazi ya mtu, yenye cheo chake, si mgonjwa anayesikiliza kwa hisani. Mkuu amesema ataona.

16 Mei

Mabuti mapya. Yananibana.

21 Mei

Mvua zimekwisha. Wamempa Tairi kazi ya redio, kwa majaribio.

Leo nilisema namba, na badala ya "imesikika" akauliza, "Huko kukoje?"

"Kukoje vipi?"

"Huko. Kumekaaje."

Nilitoka mlangoni na redio mpaka waya ulipoishia. Nikamwambia kwamba mto umerudi kwenye mkondo wake na umeacha mchanga mweupe ukingoni. Kwamba lile genge limemegeka na ndani yake kuna udongo wa rangi ya njano ambao sikuwahi kuuona. Kwamba kuna ndege mmoja mweusi mwenye shingo ndefu anasimama juu ya ubao wa kipimo na hanipishi nisome.

"Anasimama juu ya namba gani?"

Nikamwambia.

Wingu lilikuwa linakuja kutoka nyuma ya mlima, dogo, lakini nilitaka kuwa nimeshuka kabla halijafika. Kofia nilikuwa nimeshaivaa nusu. Nikasema basi, naondoka.

"Endelea kidogo," akasema.

Nikalitazama wingu. Nikavua kofia, nikakaa kizingitini, nikaendelea.